Kujilinganisha Mitandaoni na Ustawi wa Wanachuo

Mjadala kuhusu mitandao ya kijamii na afya ya akili ya wanafunzi wa vyuo vikuu umekuwa mgumu kuamuliwa, kwa kuwa mwanafunzi mwenye huzuni aweza kuwa ameipata huzuni hiyo mitandaoni, au alikuwa nayo tangu awali na akaikimbilia simu ili kujiliwaza. Mambo mawili yakionekana kwenda pamoja, hilo peke yake halionyeshi lipi limezaa jingine.

Njia ya kulitegua fumbo hilo ilipatikana katika historia ya Facebook, mtandao ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Harvard mwezi Februari 2004, ukafunguliwa chuo baada ya chuo nchini Marekani, na kuwafikia watu wote mwezi Septemba 2006 tu. Kwa kuwa vyuo viliupokea kwa nyakati tofauti, wachumi Luca Braghieri, Ro'ee Levy na Alexey Makarin waliweza kuyapima majibu ya wanafunzi kuhusu afya yao ya akili kabla na baada ya mtandao kufika chuoni kwao, wakiyaweka sambamba na ya vyuo ambavyo ulikuwa haujavifikia. Utafiti wao wa mwaka 2022, uliotumia tarehe za kufika kwa Facebook katika vyuo 775, ulionyesha kwamba mtandao huo uliongeza dalili za sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumwondolea mtu hamu ya mambo aliyoyapenda, na kwamba wanafunzi waliosema masomo yao yameathiriwa na hali hiyo waliongezeka.

Chanzo ambacho watafiti hao walikiona kuwa na uzito zaidi ni kujilinganisha. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba binadamu akikosa kipimo cha wazi cha kujipimia, hujipima kwa wenzake. Mitandaoni kipimo hicho hupotoka, kwani kila mmoja huonyesha sherehe, mavazi na ufaulu aliouchagua, huku madeni, mitihani ya marudio na upweke vikibaki chumbani. Ndiyo maana walioumia zaidi ni wale waliokuwa na sababu ya kujiona wako nyuma, wakiwamo wenye kipato duni na wanaoishi nje ya chuo. Si vigumu kuielewa hali hiyo nchini Tanzania, ambako mwanafunzi anayesubiri fedha za mkopo, maarufu kama bumu, hutazama kila siku picha za wenzake wasioonekana kupungukiwa na kitu.

Hata hivyo, madhara hayo yanaweza kupunguzwa. Mwaka 2018 Melissa Hunt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio la wanafunzi 143, ambapo kundi moja lilitumia Facebook, Instagram na Snapchat kwa dakika 10 tu kwa siku kila mtandao, na jingine likaendelea kama kawaida. Baada ya wiki tatu, upweke na sonona vilikuwa vimepungua katika kundi lililowekewa kikomo, hasa kwa wale walioanza wakiwa na sonona nzito.

Matokeo hayo hayamwamuru mwanafunzi kuitupa simu, na katika Afrika Mashariki amri hiyo isingekuwa ya haki, kwa sababu ratiba, maandiko ya kusoma na taarifa za mihadhara mara nyingi hupitia makundi ya WhatsApp, na anayejitoa humo hukosa masomo na mawasiliano na wenzake. Kinachohitajika ni kutenganisha matumizi yanayomsaidia mtu kujifunza na kuwasiliana na wanaomjali, na yale ya kupekua maisha ya watu bila kikomo. Vyuo navyo vina wajibu wa kulifundisha jambo hili kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kuimarisha huduma za ushauri nasaha, kwani kijana aliyetoka nyumbani kwa mara ya kwanza hapaswi kuachwa ajipime peke yake kwa kipimo ambacho kila mtu amekipamba.