Karata adimu haikushindii mchezo: Clash Royale ilivyonila dola 10

Wengi wetu hapa Goma tunacheza Clash Royale kwenye telefone, na kila mara ulizo ni lile lile: nitapata wapi karata za lejendari? Mimi niliitafuta kwa pesa. Binamu yangu alinilipia dola 10 kwa kadi yake ya benki, nami nikamrudishia ile niliyokuwa nimeweka ya kuprinti memwari. Nikapata Mega Knight. Siku tatu nilishinda sana, kisha nikaanza kupoteza kila jioni mbele ya kijana wa jirani, bado yuko segondere, ambaye hajalipa hata franka moja.

Nikamwomba anionyeshe deki yake. Kumbe ni ile wachezaji wa dunia nzima wanaita 2.6: Hog Rider, Musketeer, Fireball, Cannon, Ice Golem, The Log, Skeletons na Ice Spirit. Karata nane, na ya lejendari ni moja tu, The Log. Jumlisha bei zake unapata eliksiri 21. Gawanya kwa 8, ni 2.6 na kidogo.

Hesabu hiyo ndiyo mchezo wenyewe. Mkononi una karata nne, na ile uliyocheza hairudi mpaka ucheze zingine nne. Yeye karata zake nne za bei ndogo zinamgharimu 6 tu (1, 1, 2 na 2), kisha Hog Rider amerudi. Eliksiri moja inakuja kila sekonde 2.8 mwanzoni mwa mchezo, kwa hiyo ni kama sekonde 17. Mimi deki yangu ilikuwa na wastani wa 4: karata nne ni 16, karibu sekonde 45 nikingoja. Halafu eliksiri haipiti 10. Nikimtupa Mega Knight wa 7, nimebaki na 3, na palepale Hog Rider wa 4 anapita upande wa pili kuvunja mnara wangu.

Kijana alinicheka: “Yaya, weye unatupaka karata ya bei, miye nakungojaka tu.”

Na Mega Knight wangu je? Anaweka Cannon katikati, jitu linavutwa kwenda kuipiga, huku minara miwili na Musketeer vinalimaliza. Ametoa 3 na 4, mimi 7. Tumelingana, lakini Musketeer wake angali hai na anakuja kwangu.

“Adimu” inaeleza ugumu wa kuipata karata, haielezi nguvu yake. Supercell, kampuni ya Finland iliyotoa mchezo huu mwaka 2016, inarekebisha nguvu za karata mara kwa mara, kwa hiyo unayoinunua leo inaweza kupunguzwa kesho. Nivo ina uzito wake, sikatai, juu karata ya nivo ya juu inagonga zaidi. Lakini nivo haikuambii adui amebakiza nini mkononi.

Sasa natengeneza deki kwa kuanza na adui. Akileta wanaoruka, nani wangu anawafikia? Mega Knight hawezi, yeye ni wa chini tu, basi Musketeer ameingia. Akileta kundi kama Minion Horde wa 5, nina Arrows za 3, na hapo nimepata faida ya 2. Akileta jitu, nina Cannon. Mega Knight nimembakiza, ila namtoa kwa kujilinda, adui akiisha kumaliza eliksiri yake. Na ninahesabu: Cannon yake imetoka, sasa karata moja, mbili, tatu, nne. Kabla ya nne, nasukuma.

Jana usiku, kabla umeme haujakatika, tulicheza mara tano. Nilimshinda mara mbili. Memwari niliiprinti kwa deni.