Bukavu: Unga, kitabu cha picha na mtoto pembeni ya mbabula

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka, mbabula nyingi za Kadutu na Bagira zinakuwa zimekwisha kuwaka. Ni saa ya mama wa mandazi. Unga ulikandwa jana usiku, umevimba, sasa ni kukata vipande na kutia ndani ya mafuta. Mtoto wa miaka mitatu ao mine anaamshwa na harufu, anakuja na usingizi wake machoni, anataka kushika. Jibu analopewa ni lile lile katika jamaa nyingi: toka hapo, utaungua.

Jibu hilo lina haki yake. Mafuta ya moto hayachezewi, na unga ule ni mtaji. Mandazi yanayoharibika ni franga zinazopotea, na zile franga ndizo zingelipa sombe ya jioni. Lakini kazi ya mandazi ina sehemu mbili, na moja tu ndiyo ya moto. Kupima, kuchanganya na kukanda vinafanyika usiku, mbali na makala, na hapo mtoto anaweza kutia mkono bila hatari yoyote.

Hasara yenyewe si kubwa. Katika kilo moja ya unga, mama anaweza kumkatia mtoto donge la ukubwa wa ngumi: ni mandazi mawili ao matatu yasiyouzwa. Kwa bei hiyo mtoto anahesabu vikombe kwa mdomo wake mwenyewe, anajifunza kwamba maji yanatiwa kidogo kidogo, kwamba sukari na chumvi zinafanana kwa macho lakini si kwa ulimi. Anajifunza pia kungoja, jambo gumu kuliko yote kwa umri wake. Levire ni kitu chenye uhai: inakula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inainua unga. Usiku wa Bukavu ni wa baridi, kwa hiyo unga unachelewa kuinuka, na ndiyo sababu mama wanaufunika kwa kitenge. Mtoto akiambiwa kwamba ndani ya sufuria mna kitu kinachokula na kupumua, atainua kitenge mara kumi kuchungulia. Aachwe achungulie.

Muda huo wa kungoja ndio unafaa kwa kitabu.

Hapo wazazi wengi wanasita. Vitabu vingi vya watoto vinavyopatikana mjini vimeandikwa Kifaransa, na mama ao papa ambaye hakumaliza masomo anaona haya kufungua kitabu mbele ya mtoto wake. Haya hiyo haina sababu. Kitabu cha picha kinasomwa kwa macho. Mzazi asiyejua hata herufi moja anaweza kuonyesha mbuzi, kuuliza amekwenda wapi, kuuliza kwa nini huyu mtoto analia, kuuliza kiisha itakuwa namna gani. Na anauliza kwa luga ya nyumbani, Kiswahili, Mashi ao Kilega, ile ambayo mtoto anaisikia vizuri.

Maswali hayo yana uzito kuliko kusoma maneno moja kwa moja. Katika Marekani, mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa na watoto wa umri wa miaka miwili hivi. Wazazi wa kundi moja walifundishwa kuuliza na kumwacha mtoto aeleze picha; wa kundi la pili waliendelea kusoma kama kawaida yao. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la kwanza walikuwa mbele kwa kusema. Wazazi wote walikuwa wanasoma. Tofauti ilikuwa nani anazungumza.

Sheria ya Congo yenyewe iko upande wa wazazi. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali luga za taifa, na Kiswahili ni mojawapo ya zile ine, zitumiwe kufundishia katika maternele na mwanzo wa shule ya msingi. Kwa matendo ni jambo lingine. Na masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule za msingi za serikali. Kwa maternele wazazi wanaendelea kutoa franga, na wasio nazo wanabaki na watoto nyumbani mpaka miaka sita. Vita vilipofika Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, hata wenye kulipa walijikuta na watoto nyumbani.

Vitabu navyo si lazima vinunuliwe. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, unatoa hadithi za picha bure kwenye intaneti, nyingi katika Kiswahili, na zinaruhusiwa kupakuliwa na kuchapwa. Mwenye simu anazipakua siku mtandao ni mzuri, kiisha anasoma bila mega. Kiswahili chake mara nyingi ni cha Kenya ao Tanzania, kwa hiyo mzazi wa Bukavu atabadilisha neno moja moja akiendelea. Hakuna ubaya.

Kuna kitabu kimoja kinachounganisha mambo yote mawili: Mama Panya's Pancakes, cha Mary na Rich Chamberlin, kilichotoka 2005, na picha za Julia Cairns. Hadithi iko Kenya. Mama anakwenda soko kununua unga kwa makuta machache, na kijana wake Adika anaalika kila mtu wanayekutana naye njiani. Mama anahesabu unga kichwani, anaona hautatosha. Wageni wanafika, na kila mmoja analeta kitu. Katika nyumba za Kivu ambamo jamaa mbili tatu zimekuwa zikilala chini ya bati moja, hesabu hiyo ya mama haihitaji kuelezwa.

Kwa siku ya mungu, nyumba isiyo na fuuru inaweza kujaribu keki. Mchanga mkavu unatiwa ndani ya sufuria kubwa na kupashwa moto, sufuria ndogo yenye keki inakaa juu ya mchanga, kifuniko kinawekwa, na makala machache yanapangwa juu ya kifuniko. Makala mengi juu yanaunguza uso wa keki kabla ndani haijaiva. Hilo kila mama atalijua kwa keki ya kwanza.

Asubuhi beseni inafunikwa, mama anaianza njia ya soko. Ndani ya sahani nyumbani yanabaki mandazi matatu, moja lina masikio mawili kama sungura. Mwenye kulikata anawaonyesha jirani wote kabla hajalila.