Lawama za Kocha: Makipa Wawili, Hukumu Mbili (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyopita tulizisikiliza pande mbili zinazobishana hapa Kalemie kila timu ya chuo inapofungwa. Upande wa kwanza unataka kocha asemwe hadharani bila huruma. Wa pili unasema anayejitolea hasemwi. Leo tutafute kipimo, na tukitafute katika historia ya Leopards wenyewe, timu yetu ya taifa.

Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikwenda Kombe la Dunia la 1974 ikiwa bingwa wa Afrika, tena timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko. Kocha wake, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, na enzi zake aliidakia timu ya taifa lake. Baada ya kufungwa na Scotland 2-0, Zaire ikakutana na Yugoslavia hiyohiyo tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen. Dakika 20 hazijatimia, tayari ni 3-0. Dakika ya 21 Vidinić akamtoa Kazadi Mwamba, kipa hodari wa TP Mazembe, ambaye hakuwa ameumia, akamwingiza Tubilandu Ndimbi. Kazi ya kwanza ya Tubilandu ikawa kuokota mpira wavuni. Mchezo ukaisha 9-0.

Nyumbani hukumu ilikuwa nyepesi: kocha ametuuza kwa ndugu zake. Lakini hukumu hiyo iliruka mambo mawili. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba waliingia uwanjani wamevunjika moyo, kwa sababu fedha walizoahidiwa hazikuwafikia. Naye Vidinić alidai kuwa amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa afisa wa wizara. Dai hilo likiwa kweli, kosa lake ni kukubali kuamriwa katika kazi iliyokuwa yake, na hilo ni kosa la kweli. Mahali alipozaliwa si ushahidi wa lolote.

Sasa tuje karibu. Tarehe 9 Septemba 2025, mjini Kinshasa, katika safari ya kufuzu Kombe la Dunia, Leopards waliongoza Senegal 2-0 kisha wakalala 3-2. Sébastien Desabre, Mfaransa anayeifundisha timu tangu 2022, akageuka mbaya wa mji mzima kwa usiku mmoja. Miezi miwili baadaye, katika mchujo mjini Rabat, timu yake ikaitoa Kameruni 1-0 kwa bao la Chancel Mbemba katika dakika za nyongeza. Tarehe 16 Novemba ikatoka sare ya 1-1 na Nigeria, muda wa ziada ukayoyoma. Penalti zilipokaribia, Desabre akamtoa kipa Lionel Mpasi akamwingiza Timothy Fayulu. Fayulu akaokoa, Kongo ikashinda 4-3, na kocha akaitwa mwenye akili.

Basi tujiulize: Fayulu angepitwa na mikwaju yote, tungemwitaje Desabre? Wengi wetu tungemwita mwendawazimu, ingawa uamuzi ungekuwa uleule, kwa sababu ileile. Hapa ndipo kasoro yetu ilipo: tunasubiri matokeo, kisha tunayarudisha nyuma na kuyafanya kuwa hoja. Kocha ahukumiwe kwa alichokijua kabla ya filimbi. Kumwingiza kipa kwa ajili ya penalti kuna mantiki, hata penalti zikipotea. Kumtoa kipa mzima dakika ya 21, ilhali ukuta mzima wa nyuma umebomoka, hakukuwa na mantiki ya kueleweka.

Ukali pia ulingane na mamlaka. Huko Marekani kocha wa timu ya chuo, kwa mpira wao wa Kimarekani, anaweza kulipwa kuliko rais wa nchi. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimfukuza Jimbo Fisher kikiwa bado kinadaiwa zaidi ya dola milioni 75 za mkataba wake. Mtu wa namna hiyo, mwenye madaktari, wasaidizi na uwanja wa kifahari, hana haki ya kulalamika akisemwa. Kwetu, kocha wa timu ya wanafunzi mara nyingi ni mwalimu anayetoka darasani na chaki vidoleni, anayefundisha mpira vijana waliokuja mazoezini bila kula. Kumtukana kwa sababu ya 4-0 ni kumdai asichopewa.

Hata hivyo, kujitolea hakumpi mtu kinga. Kocha anayempanga kijana kwa sababu baba yake ametoa kitu, anayemchezesha mwenye goti lililovimba, anayewapiga wachezaji au kuwavizia wasichana wa timu, huyo asemwe kwa ukali wote, hata kama ameleta kombe. Hayo yako mikononi mwake peke yake, na hakuna umaskini wa chuo unaoyaeleza. Ajabu ni kwamba kocha wa namna hiyo akishinda tunanyamaza, kisha tunampigia kelele mwungwana aliyefungwa.

Juma lijalo tutatazama upande wa viongozi wa michezo: nani anapaswa kuwauliza zinakokwenda fedha za timu, na kwa nini kocha ndiye anayetangulizwa mbele mashabiki wakikasirika.