Waliosema Bila Kutoa Sauti

Je, waweza kulia, kucheka na kubembeleza bila kutamka neno hata moja? Hadi mwaka 1927, karibu sinema zote za Marekani zilikuwa bubu. Maneno machache yaliandikwa kwenye pazia, na mpiga piano akatumbuiza ukumbini. Basi, kazi ilibaki ya macho, uso na mikono.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Katika filamu ya *Way Down East* (1920), Lillian Gish alilala juu ya barafu halisi inayoelea mtoni, mkono wake ukining'inia majini. Vidole vyake havikupona kabisa.

Naye Mary Pickford, mzaliwa wa Toronto, Kanada, alianza kuigiza jukwaani akiwa mtoto, babake alipokwisha kufariki. Watazamaji walimpenda akiigiza visichana, lakini kwenye mambo ya pesa hakuwa mtoto hata kidogo! Mwaka 1919, yeye na wanaume watatu, Charlie Chaplin, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, walianzisha kampuni yao, United Artists, ili wasitawaliwe na wenye studio.

Wasichana wenzangu, tupendao drama, tusitosheke na makofi ya jukwaani. Hesabu pia tuzijue!