Comic Sans: mwandiko wa kadi za mchango, CV usiiguse

Hapa Lalago angalieni kadi za mchango wa harusi, matangazo ya tuisheni, hata bei za soda zilizobandikwa dukani. Kuna fonti moja inajirudia sana, herufi za mviringo kama mtu kaandika kwa mkono. Inaitwa Comic Sans. Mtu anafungua Word, anashuka kwenye orodha, akifika C kashaipenda.

Aliyeichora ni Vincent Connare wa Microsoft, mwaka 1994. Kampuni ilikuwa inaandaa programu ya wasioijua kompyuta, iliyoitwa Microsoft Bob, na ndani yake kulikuwa na mbwa wa katuni anayetoa maelekezo. Maneno ya mbwa yaliandikwa kwa Times New Roman, ile ya barua za ofisini. Jamaa akaona haiendani kabisa, mbwa anaongea kama hakimu! Akachungulia vitabu vya katuni, akachora herufi zake. Fonti ikachelewa kuingia kwenye Bob, ila 1995 ikatoka na Windows 95 Plus, ikasambaa duniani.

Kwa hiyo ni herufi za maongezi, kama yale yanayomtoka Ndumilakuwili kwenye Sani. Ukizitumia, msomaji anasikia mtu anapiga stori.

Ndo maana kwa watoto iko poa sana. Cheki herufi a. Kwenye Times New Roman ina kofia juu, wakati mwalimu wa darasa la kwanza ubaoni anachora duara na kijiti tu. Comic Sans nayo hivyohivyo. Halafu I kubwa na l ndogo hazifanani, tofauti na Arial. Chama cha disleksia cha Uingereza kinaitaja kati ya fonti zinazowafaa watu wanaopata shida kusoma. Walimu wa chekechea, endeleeni nayo!

Kadi ya mchango? Mimi naona sawa tu, ile ni shughuli ya furaha. Tangazo la msiba hapana jamani. Na sisi vijana tunaopiga CV kafe ndo tuwe makini zaidi. Bosi ana rundo la barua mezani, yako inaongea kama yule mbwa. Mwaka 2012, wanasayansi wa CERN walipotangaza chembe ya Higgs, Fabiola Gianotti alitumia slaidi za Comic Sans. Ugunduzi mkubwa namna ile, watu mtandaoni wakakomalia fonti! Wao walishakuwa na majina. Wewe unayeomba kazi ya kwanza utajiteteaje?

Kingine, simu nyingi za Android hazina Comic Sans. Kadi uliyoipanga vizuri kwenye Windows, ukiituma kama faili la Word, kwenye simu ya mwenzio herufi zinabadilika na mistari inahama. Hifadhi kwa PDF kwanza, ndo uitume steshenari.