Mashua Zinapofungwa: Tiketi Hulipia Nini?

Mlaji anunuaye tiketi ya Disneyland, California, hulipia kiingilio cha bustani nzima ya burudani. Hanunui nafasi katika mchezo mmoja. Jambo hili huwaumiza zaidi waliosafiri mbali, na watoto, kwa ajili ya mashua tu.

Matengenezo ya safari za mashua huchukua muda. Mashua hizo huelea katika mfereji wa kina kifupi, na ili mfereji ukarabatiwe, sharti maji yatolewe. Safari ya "it's a small world", iliyohamishiwa hapo mwaka 1966 kutoka maonyesho ya New York, ilifungwa Januari 2008 na kufunguliwa Novemba 2008, ikiwa na mfereji na mashua mpya. Miezi kama kumi!

Kwa hiyo tunashauri usome tangazo la bustani kuhusu michezo iliyofungwa kabla ya kulipa, kisha ulisome tena kabla ya kuondoka nyumbani. Kwa kawaida, kufungwa kwa mchezo mmoja hakumpi mlaji haki ya kurudishiwa fedha. Iwapo wakala wa safari alikuahidi mchezo huo kwa maandishi, hifadhi karatasi hiyo, umdai yeye.