"Utafiti Umethibitisha": Watafiti Wanavuna Nini Mitandaoni?

Ukurasa huu hupokea maswali mengi, lakini kuna aina moja inayorudi bila kuchoka. Msomaji ametumiwa kwenye kundi la ukoo au la jumuiya ujumbe unaoanza na maneno "Utafiti umethibitisha". Kisha unatajwa mlonge, kitunguu saumu au majani ya mpera, na mwishoni kuna agizo la kuwatumia wengine kumi. Nikijibu kwamba hakuna utafiti wa namna hiyo, naulizwa: mbona umeshasambazwa na maelfu ya watu? Na mbona wanasayansi wenyewe siku hizi wanafanya utafiti Facebook na Twitter?

Hilo la pili ni kweli. Wanafanya, tena wa fani nyingi: wa wadudu, wa bahari, wa magonjwa ya mlipuko, wa saikolojia. Ila wanachokitafuta humo sicho wanachokidhani wauza dawa wa mitandaoni.

Ana Sofia Reboleira, mtaalamu wa jongoo aliyekuwa wakati huo katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Denmark, alikuwa akiperuzi Twitter alipokutana na picha ya jongoo wa Marekani iliyowekwa na mtafiti mwenzake wa huko. Karibu na kichwa cha jongoo huyo palikuwa na vidoa vichache ambavyo mtu mwingine angedhani ni vumbi. Yeye alishuku kuvu, ya kundi linaloishi juu ya miili ya wadudu na jamaa zao, ambalo lilikuwa halijawahi kuonekana kwa jongoo wa Marekani. Hakukimbilia kutangaza. Watafiti walirudi kwenye makabati ya makumbusho, Copenhagen na Paris, wakatoa jongoo wa aina hiyo waliohifadhiwa humo, wakawachunguza kwa hadubini, na kuvu ile ile ikaonekana. Mwaka 2020 ilipewa jina rasmi: Troglomyces twitteri. Twitter ilitoa fununu. Ushahidi ulikuwa kabatini.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwetu, kisiwani Mafia. Papa potwe, ambaye Kenya wanamwita papa shilingi, ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kila mmoja ana mpangilio wake wa madoa. Watalii na wapiga mbizi huweka picha na video zake mitandaoni kila msimu. Mtafiti anataka kujua: papa wa video ya leo ndiye yule aliyepigwa picha miaka mitatu iliyopita? Mfumo uitwao Wildbook ulitengenezewa programu ya kupekua YouTube kutafuta video za papa potwe na kusoma maelezo yake ili kujua mahali na tarehe. Lakini utamu wenyewe uko kwenye namna ya kumtambua samaki, na hapa naomba msomaji anivumilie.

Mwaka 2005 mwanabiolojia Brad Norman wa Australia, mtunga programu Jason Holmberg na mwanafizikia wa anga Zaven Arzoumanian walichapisha njia waliyoiazima kwa wanafalaki. Edward Groth alikuwa ameitunga mwaka 1986 ili kulinganisha orodha mbili za nyota. Kwa papa, huchukuliwa sehemu ya ubavu iliyo nyuma ya mashavu, na kila doa linageuzwa kuwa nukta. Nukta tatu zinafanya pembetatu, hivyo madoa 20 tu yanatoa pembetatu 1,140. Kwa kila pembetatu kompyuta inakokotoa uwiano wa upande mrefu kwa upande mfupi, na pembe iliyo kati ya pande hizo. Kwa nini uwiano, si urefu? Kwa sababu picha ya karibu itatoa pembetatu kubwa na ya mbali itatoa ndogo, lakini uwiano haubadiliki. Na hata kamera ikipinda, pembe inabaki ile ile.

Kisha pembetatu za picha mbili zinalinganishwa. Nyingi zitafanana kwa bahati tu, na ujanja wa Groth uko hapo: kama samaki ni mmoja, pembetatu zote za kweli zitakuwa zimekuzwa kwa kiasi kimoja, tuseme mara moja na nusu. Zile za bahati zitaonyesha ukuzaji wa kila namna, nazo zinatupwa. Zinazobaki zinapigia kura nukta zilizo jozi. Basi kanuni iliyotungwa kwa ajili ya nyota ndiyo inayomtambua samaki wa Mafia. Mimi sijachoka kuisimulia.

Kuna mtego lakini. Ukiwahesabu papa wa Mafia kwa macho na kamera, utaapa kwamba huja kuanzia Oktoba, wakaondoka kwenye Februari au Machi. Watafiti waliowafunga baadhi yao vifaa vidogo vinavyotoa mlio, na kutega vipokezi chini ya maji, walichapisha mwaka 2015 kwamba papa hao hawaendi mbali. Wanasogea tu nje ya ghuba, kwenye kina, mahali ambapo hakuna wa kuwaona. Picha zilikuwa zimerekodi kwa usahihi kabisa msimu wa wanaotazama.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa karibu kila utafiti unaovunwa mitandaoni, iwe wa samaki au wa homa. Mtandao unakuonyesha watu wanatazama wapi na wanazungumza nini. Kinachotokea kweli ni jambo jingine, na ni lazima lipimwe kwa njia nyingine.

Kipindupindu kilipolipuka Haiti Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko la ardhi, Rumi Chunara na wenzake walikusanya ujumbe wa Twitter zaidi ya 180,000 uliotaja ugonjwa huo katika siku 100 za kwanza. Makala yao ya 2012 ilionyesha kwamba mazungumzo hayo na taarifa za habari yalipanda na kushuka kwa namna iliyokaribiana na takwimu za wizara ya afya, tena yalipatikana hadi wiki mbili mapema zaidi. Wiki mbili katika kipindupindu ni uhai wa watu wengi. Lakini usisahau kilichowafanya waamini: walikuwa na takwimu za hospitali za kulinganisha. Google walijaribu jambo linalofanana na hilo, kukadiria mafua ya Marekani kwa maneno ambayo watu huyatafuta. Mwanzoni dunia ilishangilia. Msimu wa 2012 na 2013 makadirio yao yalizidi mara mbili ya hesabu ya wagonjwa waliofika kwa madaktari, na mwaka 2015 wakaacha kuyachapisha. Mtu mwenye mafua hutafuta "mafua", na mtu mzima wa afya aliyeogopeshwa na taarifa ya habari hutafuta vilevile.

Sasa tuje kwenye dawa, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Machi 20, 2020 timu ya Didier Raoult wa Marseille, Ufaransa, ilichapisha makala kuhusu haidroksiklorokwini na korona. Kesho yake Rais Donald Trump aliisifu Twitter, na wiki hiyo hiyo hapa kwetu watu walikuwa wanaulizia klorokwini madukani. Makala ilidai kwamba siku ya sita virusi havikuonekana tena kwa asilimia 70 ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 12.5 ya wasiopewa.

Asilimia 70 ya watu wangapi? Wa 20, yaani 14. Lakini walioanzishiwa dawa walikuwa 26. Sita waliondolewa kwenye hesabu: watatu walihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, mmoja alifariki, mmoja aliondoka hospitalini, mmoja aliacha dawa kwa kichefuchefu. Warudishe kwenye hesabu na 70 inashuka hadi 54. Zaidi ya hapo, wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na baadhi ya waliolinganishwa nao walikuwa katika hospitali nyingine. Hutibu mtu kwa kumfuta kwenye orodha, hata ukiwa na koti jeupe.

Ila hapa mitandao inastahili haki yake. Walioyafichua haya ndani ya siku chache hawakusubiri barua kwa mhariri. Elisabeth Bik, mwanabiolojia anayewinda kasoro katika makala za sayansi, aliyaandika hadharani mwezi huo huo, na wengine wakajazia. Mwaka huo huo wa 2020 jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilitoa matokeo: kati ya wagonjwa 1,561 waliopewa dawa hiyo, asilimia 27 walifariki ndani ya siku 28, na kati ya 3,155 waliopata huduma ya kawaida, asilimia 25. Dawa haikusaidia. Jarida lenyewe lilikuja kuifuta makala ya Marseille Desemba 2024, zaidi ya miaka minne baadaye. Wakosoaji walihitaji siku nne, jarida miaka minne, na mganga wa mtandaoni hadi leo hajapata habari.

Na ule wingi wa waliosambaza? Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichapisha uchambuzi wa habari zipatazo 126,000 zilizopita Twitter kati ya 2006 na 2017. Uongo ulikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa, na ukweli ulichukua muda wa takriban mara sita kuwafikia watu 1,500. Roboti hazikuwa sababu kuu. Ni sisi, kwa sababu uongo una upya na mshangao. Kwa hiyo mtu anayenitajia idadi ya waliosambaza kama ushahidi ananipa, kama ni kitu, sababu ya kushuku.

Hata kwa wasomi wenyewe umaarufu mtandaoni haununui heshima kirahisi. Jarida la moyo la Circulation lilizigawa makala 243 kwa bahati nasibu, nusu zikatangazwa mitandaoni na nusu zisitangazwe. Baada ya siku 30 idadi ya waliozifungua haikutofautiana. Mwaka 2024 Trevor Branch na wenzake wakaeleza jaribio jingine, ambamo wanasayansi wenye wafuasi wengi walizitangaza makala 110 Twitter. Zilipakuliwa zaidi, hasa siku ile ile. Lakini miaka mitatu baadaye hazikuwa zimenukuliwa na watafiti wengine kwa kiwango cha kujivunia. Kuna majaribio madogo yaliyopata jibu tofauti, kwa hiyo ubishi haujaisha.

Wapo wanaouliza kama na sisi tunachunguzwa bila kujua. Ndiyo, imewahi kutokea. Kwa wiki moja Januari 2012 Facebook ilipunguza habari za furaha au za huzuni kwenye kurasa za watu 689,003 ili kuona kama wataandika kwa hisia hizo hizo. Athari iliyopatikana ilikuwa ndogo mno, lakini matokeo yalipochapishwa mwaka 2014 hasira ilikuwa kubwa, kwa kuwa hakuna aliyeombwa ridhaa ya wazi.

Siku hizi milango inafungwa. Mwaka 2023 Twitter, ambayo sasa ni X, ilisitisha njia ya bure ambayo watafiti waliitumia kuchota data. Agosti 2024 Meta ikafunga CrowdTangle, chombo kilichoonyesha kinachosambaa Facebook. Kwetu tatizo ni zito zaidi, kwa sababu mazungumzo yetu hayako huko. Yako WhatsApp, ambako ujumbe umefungwa kwa siri kati ya anayetuma na anayepokea. Hiyo ni faragha nzuri, lakini maana yake mtafiti wa chanjo anayesoma Twitter anasikia watu wachache wa mjini wanaoandika hadharani, huku ile sauti iliyorekodiwa na "daktari" asiye na jina inapita kijiji kwa kijiji bila kuhesabiwa na yeyote.

Ushauri, upesi: uliza ni jarida gani, uliza walikuwa watu au panya, uliza walikuwa wangapi na walilinganishwa na nani. Tafuta makala yenyewe. Ikiwa imefutwa, ukurasa wa jarida utasema hivyo juu kabisa. Usiache dawa ya presha wala ya kisukari kwa ujumbe wa simu. Na kama ujumbe ule ule una namba ya kutumia pesa, jibu unalo tayari.

Wanaotaka kuchangia sayansi kwa simu zao badala ya kusambaza vitisho, nafasi ipo. Ukienda Mafia wakati wa msimu wao, mpige papa potwe picha ya ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu, bila kumgusa wala kumfukuza. Iweke mtandaoni, ukiandika tarehe na mahali.